Treni ya Saa Kumi na Moja

Ilikuwako nchi moja, na jina lake naomba msiniulize, maana waliouliza kabla yenu walipewa nafasi za masomo mahali pasipojulikana na hadi leo hawajahitimu. Ilikuwa nchi nzuri, yenye milima, maziwa, na wimbo wa taifa wenye beti kumi na saba. Kiongozi wake aliitwa Mtukufu Dereva wa Taifa. Hakuna aliyewahi kumwona akiendesha chochote, lakini wote walikubaliana kwamba safari inaendelea.

Katika nchi hiyo palikuwa na mji mdogo uitwao Ngwasha, na Ngwasha kulikuwa na stesheni ya treni. Ilikuwa na jukwaa la saruji, ofisi yenye dirisha la tiketi, mabenchi mawili na kengele ya shaba. Kilichokosekana ni reli tu. Reli ziling'olewa miaka mitatu baada ya treni ya mwisho, zikapelekwa kuhifadhiwa, na kweli zilihifadhika vizuri sana, zimesimama wima kulizunguka shamba la ng'ombe la Mheshimiwa Ndindima, Waziri wa Usafiri na Subira. Wizara haikukaa kimya juu ya jambo hilo. Iliandika barua kwenda Ngwasha: "Kutokuwapo kwa reli kusichukuliwe na mtumishi yeyote kuwa ni sababu ya treni kutofika."

Aliyeipokea barua hiyo ni Kibwana Mlekwa, stesheni masta. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaitia kwenye faili. Alikuwa mtu wa faili. Kila asubuhi alilipiga koti lake la buluu pasi ya mkaa, akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni kilichomkaba, akaenda kazini kufungua stesheni ambayo hakuna mtu aliyeihitaji.

Kazi yenyewe ilikuwa moja. Saa kumi na moja jioni, saa ya treni, alitoka ofisini, akasimama jukwaani, akatazama upande wa Mto Kizuwi kwa dakika tatu, kisha akarudi mezani kujaza fomu. Fomu ya serikali ilikuwa na visanduku viwili: IMEFIKA na IMECHELEWA. Mlekwa alitia alama kwenye IMECHELEWA, akaweka saini, akapiga muhuri. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, sikukuu zikiwamo. Kwa mujibu wa Wizara, treni ile haikufutwa, haikusitishwa wala, Mungu apishie mbali, haikuanguka. Ilikuwa inachelewa. Na juu ya mlango wa Wizara palikuwa pameandikwa kwa herufi za dhahabu: Kawia ufike.

*

Sasa niwaambie ilivyokuwa, na nitasema polepole ili asikie anayetaka tu.

Kilomita tatu kutoka stesheni palikuwa na Daraja la Kizuwi, la kupitisha treni. Wahandisi waliomba miezi minne kulijenga. Ndindima, ambaye siku hizo alikuwa bado naibu mwenye njaa ya cheo, aliwapa wiki nne, kwa sababu siku ya kuzaliwa ya Mtukufu isingeweza kumsubiri fundi. Utepe ulikatwa saruji ikiwa mbichi. Nyayo za Mtukufu zikabaki pale alipokanyaga, zikawekewa uzio, na watoto wa shule wakapelekwa kuzitazama.

Masika ya mwaka huo huo, treni ilitoka mji mkuu ikiwa na abiria thelathini na mmoja wa kushuka Ngwasha. Mchana Mlekwa alipokea simu ya maandishi yenye majina yao, kama ilivyokuwa desturi ya njia ile. Jina moja lilikuwa la Tunu, binti yake wa pekee, aliyekuwa anarudi na cheti cha uuguzi. Mlekwa alipaka viatu rangi. Alinunua kuku.

Saa kumi na moja kasorobo mvua ilipungua kidogo, na mji mzima ukasikia kishindo upande wa mto. Wengine walidhani ni radi ya chini kwa chini. Mlekwa hakudhani kitu. Alisimama jukwaani na saa yake mkononi mpaka saa kumi na moja ikapita, ikapita na robo, halafu akaingia ofisini. Kanuni ya tisa ilisema: "Stesheni masta ataandika yale tu yanayotokea mbele ya jukwaa lake." Mbele ya jukwaa lake hakukuwa kumetokea kitu. Basi aliandika kilichokuwa kweli kwa wakati ule, kwamba treni imechelewa. Kosa lile angeweza kulifanya yeye peke yake. Mtu mwingine yeyote angetupa kalamu akakimbilia mtoni.

Asubuhi simu ililia kutoka Wizarani.

"Umeandika nini kwenye fomu?"

"Imechelewa, mheshimiwa."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyevuliwa kitanzi. "Vizuri sana, Bwana Mlekwa. Vizuri mno. Endelea hivyo hivyo."

Mchana wake wanajeshi waliufunga mto pande zote mbili na kuutangaza kuwa Hifadhi ya Samaki wa Taifa. Waliokwenda kutafuta watu wao walirudishwa, wakaambiwa wanawasumbua samaki katika msimu wa kutaga.

*

Nchi yetu ile ilikuwa na Sheria ya Huzuni Iliyopangwa. Mtu hakuweza kuanua wala kutandika matanga bila kibali cha msiba, na kibali kilitaka ama maiti ama barua ya mamlaka husika. Maiti zilikuwa na samaki. Mamlaka husika ilikuwa stesheni ya Ngwasha, na stesheni ya Ngwasha ilisema treni imechelewa.

Hivyo wale thelathini na mmoja wakaandikishwa kuwa Raia Walio Njiani. Walikuwa raia wema kupita wote. Hawakulalamika, hawakuandamana, na kila uchaguzi ulipofika walimpigia kura Mtukufu Dereva bila hata mmoja wao kuharibu karatasi. Wake zao walikuwa wake za wasafiri. Mama aliyeonekana analia hadharani alitozwa faini kwa kumwombea mabaya mtu aliye safarini.

Bi Mwajabu alikuwa mke wa msafiri. Mumewe, Sefu Mahimbo, alikuwa fundi wa mashine katika kinu cha pamba, na alikwenda mji mkuu kununua mkanda wa mashine tu. Bi Mwajabu alikuwa na cherehani, na kwa kuwa baraza ya stesheni ilikuwa na kivuli na haikuwa na abiria, aliiweka pale, akashona sare za shule mwaka baada ya mwaka. Mara mbili aliposwa na watu wenye heshima zao. Mara mbili ofisi ya ndoa ilimjibu kwamba mumewe yu njiani, asione haya kumsubiri.

Yeye kuolewa hakukumshughulisha sana. Alitaka kukaa eda. Alitaka miezi minne na siku kumi za mjane, avae nguo isiyo na rangi, asomewe hitima, watu waje wamshike mkono waseme pole. Pole hakuwahi kuambiwa. Watu walimpita barazani wakamuuliza, "Hujambo, bwana hajafika?" kwa sababu ndivyo sheria ilivyotaka aulizwe.

Mlekwa naye asionekane hakufanya kitu. Alishaandika barua, kwa unyenyekevu na nakala tatu, akiomba fomu iongezewe kisanduku cha tatu. Wizara ililipokea ombi kwa uzito wake. Iliundwa Tume ya Kisanduku cha Tatu, ikazuru nchi saba za ng'ambo kuangalia visanduku vya wenzetu, ikakaa miaka sita, ikatoa ripoti ya kurasa mia nne. Ripoti ilisema kwamba kisanduku cha tatu kingehatarisha umoja wa kitaifa, maana leo watu wakipewa cha tatu, kesho watataka cha nne.

Barua ya Wizara yenye jibu hilo ilipofika, Bi Mwajabu alisimamisha cherehani na kumtazama Mlekwa usoni kwa muda mrefu.

"Sema kweli, Baba Tunu," alisema. Yeye peke yake mjini ndiye aliyeendelea kumwita hivyo. "Hukusikitika."

"Nimesikitika."

"Umepumua. Nimekuona."

Mlekwa aliingia ofisini akafunga mlango. Alikuwa ameonekana. Kila jioni alipotia alama yake, mtu mmoja katika mji mzima alifarijika, naye alikuwa yeye mwenyewe. Treni iliyochelewa inaweza kufika. Nyumbani kwake kitanda cha Tunu kilitandikwa shuka safi kila Ijumaa, na kwenye msumari ilitundikwa aproni mpya ya uuguzi aliyoishonesha kwa Bi Mwajabu kabla ya siku ile. Watu thelathini na mmoja walinyimwa makaburi, na ufunguo wa makaburi hayo ulikuwa kalamu yake. Alilijua hilo, likamchoma, na bado kila jioni aliandika.

*

Mwaka wa kumi na tisa alikuja mgeni kwa gari la serikali, Daktari Sombwe, Mkurugenzi wa Historia Ijayo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na alilishika jukwaa la Ngwasha kwa mapenzi, akalipapasa.

"Tunu ya taifa, hii," alisema.

Mlekwa alishtuka, kisha akaelewa kwamba inayosifiwa ni stesheni.

Daktari alieleza. Yubile ya Usafiri ilikuwa inakaribia. Wafadhili wa nje walikuwa wamechoka kufadhili visima, sasa walitaka kufadhili kumbukumbu, na Ngwasha ilichaguliwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Reli. Tatizo lilikuwa moja dogo. Sheria ilikataza kufunga stesheni yoyote ambayo bado inasubiri treni.

"Kwa hiyo, mzee wangu, utatuandikia historia ya stesheni. Kurasa tatu. Bila mto."

"Bila mto?"

"Mto ni jiografia. Sisi tuna historia. Halafu siku ya yubile, mbele ya Mheshimiwa Waziri, utajaza fomu yako ya mwisho. Utatia alama kwenye IMEFIKA."

Mlekwa aligusa kifungo cha shingoni. "Haijafika, Daktari."

"Imechelewa miaka kumi na tisa. Sasa unataka ichelewe mpaka lini? Huna huruma na abiria?"

"Ikiwa imefika, jamaa zao watauliza wako wapi."

"Hapana," Daktari alisema kwa upole. "Tutawauliza wao. Serikali ikishamfikisha mtu stesheni ya mwisho, wajibu wake umekwisha. Akipotea kati ya stesheni na nyumbani kwake, hilo ni suala la familia."

Bi Mwajabu alikuwa barazani na mlango ulikuwa wazi. Mashine yake ilinyamaza. Daktari alipokwisha kuondoka, aliingia bila kubisha hodi, uzi bado umemning'inia mdomoni.

"Kwa hiyo baada ya yubile watakuja kuniuliza Sefu nimemficha uvungu gani."

"Sitaandika," Mlekwa alisema.

"Ukikataa wewe, watamleta mwingine mwenye kalamu. Na ukiendelea na IMECHELEWA yako, nitakufa mimi kabla sijaitwa mjane. Presha hii ninayoiburuta siyo ya kungoja tume nyingine." Alikaa juu ya kiti cha abiria, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mji mzima unakuangalia wewe. Wewe ndiye mwenye karatasi ya majina, na wewe ndiye unayemngoja Tunu. Wanaona aibu kulia mbele yako. Kilio huanza mfiwa, Baba Tunu, ndipo wa mbali wakaingia."

Mlekwa alikaa na kitabu cha kanuni mapajani, na kwa vile hakuwa na sala nyingine aliyoizoea zaidi ya ile, alianza kukisoma tangu ukurasa wa kwanza. Alipofika kanuni ya ishirini na mbili alisimamisha kidole.

Ilikuwa desturi ya njia yao, na hakuna stesheni nyingine nchini iliyokuwa nayo. Enzi za kinu cha pamba, vumbi la nyuzi liliufunika uwanja jioni hata mtu asimwone ndugu yake. Ikawekwa kanuni kwamba treni ikifika, stesheni masta apige kengele na kuwaita wanaoshuka mmoja mmoja kwa majina, na jamaa wa kila mmoja waitikie "Tumempokea." Aliyeitikiwa alikuwa amefika, na stesheni haikumdai tena. Mlekwa aliifanya kazi hiyo miaka mingi kwa sauti iliyosikika hadi sokoni.

Alimwita Bi Mwajabu akamwonyesha. Alisoma kwa sauti mara mbili.

"Sisi tuitikie, tuseme tutakachosema," Bi Mwajabu alisema taratibu.

"Kanuni haikatazi maneno ya kuongezea."

"Na wewe utaita yote? Mpaka la mwisho?"

Mlekwa alitaka kusema hapana. Alikuwa amelilinda jina moja kwa miaka kumi na tisa na sasa alikuwa anaombwa alitoe kwa mkono wake.

"Nitaita yote," alisema.

Daktari Sombwe alipoelezwa kwamba kufika kwa treni hakukamiliki kisheria bila wito, alipiga makofi. "Utamaduni," alisema. "Wafadhili watafurahi mno."

*

Siku ya yubile jukwaa liliwekewa zulia jekundu, na kwaya ya vijana wa chama iliimba beti zote kumi na saba. Ukutani palibandikwa jiwe la marumaru: "Katika maisha yake yote stesheni hii haikumpoteza abiria hata mmoja." Watu wa Ngwasha walijaa uwanjani, wamevaa vizuri, wametulia kupita kawaida yao, na Daktari alimnong'oneza Waziri kwamba huo ndio ukomavu wa kisiasa.

Mheshimiwa Ndindima alihutubia kwa saa moja na robo.

"Wapo waliosema treni hii haitafika," alinguruma. "Maadui wa maendeleo! Leo nawauliza mbele yenu: iko wapi?"

Watu walitazama pale palipokuwa na reli, wakamtazama tena Waziri. Kwaya ikaokoa jahazi kwa vigelegele.

Saa kumi na moja Mlekwa aliletewa fomu. Alitia alama kwenye IMEFIKA. Aliweka saini, akapiga muhuri, akaenda kwenye kengele akaipiga mara tatu, kisha akatoa ile karatasi ya simu, iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Kondo Mbelwa!"

"Tumempokea," aliitikia mzee mmoja nyuma. "Mungu amlaze mahali pema."

Waziri alipiga makofi. Wote wa meza kuu wakapiga.

"Perpetua Nyagali!"

"Tumempokea, mama yetu. Upumzike."

Makofi yakaja tena, machache. Kwenye jina la tano, wanawake walianza kujifunika kanga vichwani. Kwenye la nane mtu alilia kwa sauti, na hakuna askari aliyejua amtoze faini kwa kosa gani, maana aliyeliliwa hakuwa tena safarini. Serikali yenyewe ilikuwa imemfikisha, muhuri bado mbichi.

"Hii ni sehemu ya sherehe?" Waziri alimuuliza Daktari huku amebana meno.

"Nadhani, Mheshimiwa. Ni utamaduni."

"Mwambie aache."

"Akiacha katikati, treni itakuwa haijafika yote."

"Sefu Mahimbo!" Mlekwa aliita.

Bi Mwajabu alisimama peke yake. Alivua hereni zake, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimempokea mume wangu," alisema. "Naanza eda leo."

Mama mmoja jirani yake akamshika mkono na kumwambia pole, na baada yake mwingine, na mwingine, mpaka ikawa foleni. Gazeti la serikali siku ya pili liliandika kwamba wananchi wa Ngwasha walibubujikwa na machozi ya furaha, na kwamba wafadhili wawili nao walilia.

Majina yalikwenda. Yalikuwa yamepangwa kwa zamu ya kukata tiketi, na wa mwisho kukata tiketi alikuwa msichana ambaye tangu utoto alichelewa kila mahali, akafika anakimbia, anacheka. Mlekwa aliliona jina pale chini. Alikuwa amelisoma mara elfu kwa macho. Uwanja mzima ulimsubiri, na hakuna aliyemharakisha.

"Tunu Kibwana Mlekwa," alisema, kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye zulia.

Kanuni haikumruhusu anayeita kuitika. Alisimama na karatasi yake, akitazama upande wa mto. Daktari akainuka nusu, akidhani mambo yamekwisha, Waziri akamvuta koti akae.

"Tumempokea, Baba Tunu," Bi Mwajabu alisema kutoka kwenye foleni ya waliokuwa wakimpa pole, na uwanja wote ukarudia nyuma yake, tumempokea. "Sasa kaa chini ulie. Sisi tupo."

Mlekwa alifungua kifungo cha shingoni, akakaa kwenye benchi la abiria, akamlilia mwanawe.